Mahakama ya mfano ya haki za binadamu: nimeangukia upande wa Serikali, naanzaje?

Mwaka_wa_Tatu_DOM

Wakuu, mbukwenyi.

Nasoma sheria mwaka wa tatu hapa Dodoma. Mimi na mwenzangu tumeteuliwa kukiwakilisha chuo kwenye mashindano ya mahakama ya mfano ya haki za binadamu, yale ya mtindo wa Chuo Kikuu cha Pretoria: shauri la kubuni, nchi ya kubuni, mnaandika hoja za pande zote mbili, kisha mnasimama mbele ya jopo kana kwamba mko Mahakama ya Afrika pale Arusha.

Shauri lenyewe kwa kifupi. Wafugaji wametolewa kwenye ardhi ya mababu zao ili pawe hifadhi ya msitu. Kiongozi wao kakamatwa, kashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kafungwa miaka 30, na kesi nzima hakuwa na wakili. Baadaye nchi yao ikajitoa kwenye lile tamko linaloruhusu watu binafsi kuishtaki.

Tumegawana: mwenzangu kachukua wafugaji, mimi Serikali. Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu sisi wenyewe ni wafugaji, kila nikikaa kuandika najiona kama natetea uonevu. Halafu Kiingereza. Cha kuandika ninacho, ila nikiulizwa ghafla kinapotea chote. Na nauli, chuo kinasema "inashughulikiwa".

Waliowahi kupita huko mlifanyaje? Na je, ina faida yoyote au ni cheti tu cha kuweka kwenye faili?

---

Zabibu_Chungu

Dogo, mitihani iko mlangoni. Ukila sap mbili, mitihani ya kurudia, kwa ajili ya nchi isiyokuwepo kwenye ramani, nani atakulipia? Soma madesa, tunza GPA, mengine ni kujionesha na suti za kuazima.

---

Dada_Wakili_Chang'ombe

Zabibu, suti ya kuazima haimdhuru mtu, hata ya kuapishwa uwakili niliazima.

Mdogo wangu, mbukwa. Nilishiriki nikiwa mwaka wa tatu kama wewe. Sasa nina kiofisi changu hapa mjini, mirathi na ardhi kwa wingi, haki za binadamu pale mtu anapokuja hana hata nauli ya kurudi. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza futeni huo mgawanyo. Timu yetu ilisimama upande wa waombaji na upande wa Serikali kwa zamu, na kila mara tuliongea wote wawili. Msigawane pande, gawaneni hoja: mmoja ashike mamlaka ya Mahakama na vigezo vya shauri kupokelewa, mwingine ashike kiini cha madai na nafuu zinazoombwa. Mkigawana pande, siku jaji akikurushia swali la mwenzako utabaki kumtazama yeye, na jopo zima litaona.

Sasa huo moyo unaokataa Serikali. Mimi sheria ya haki za binadamu niliielewa upande huohuo. Ukiwatetea wafugaji una hadithi, na hadithi inakubeba. Unataja makaburi, unataja ng'ombe, jopo linatikisa kichwa kwa huruma, dakika zinaisha hujagusa ibara hata moja. Ukiwa Serikali hubebwi na kitu. Ni wewe na maandishi ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu na hukumu zilizotangulia. Ndiyo maana wengi wanaukimbia, na ndiyo maana alama zimejaa huko.

Anza na tamko, maana jopo litakuuliza hilo kabla hujamaliza kujitambulisha. Itifaki iliyoanzisha Mahakama, ile ya Ouagadougou ya mwaka 1998, inasema kwenye ibara ya 34(6) kwamba mtu binafsi au asasi haiwezi kuipeleka nchi pale mpaka nchi iwe imeweka tamko la kukubali. Tanzania iliweka Machi 2010, ikawasilisha notisi ya kujitoa Novemba 2019. Wengi wakifika hapo wanafunga kitabu: nchi imejitoa, mamlaka hakuna, tukae chini. Taratibu. Rwanda ilijitoa 2016, na katika shauri la Ingabire Victoire Umuhoza Mahakama ikasema kujitoa kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja, na mashauri yaliyokwisha kufunguliwa hayaguswi. Mwaka 2020, katika shauri la Andrew Ambrose Cheusi, ikatupima na sisi kwa kipimo hichohicho: kujitoa kwa Tanzania kunaanza tarehe 22 Novemba 2020.

Kwa hiyo chukua kalamu, rudi kwenye shauri lako la kubuni, tafuta tarehe ya notisi na tarehe ya kufungua shauri. Watunzi wa maswali haya hawaweki tarehe kupamba ukurasa. Kama lilifunguliwa ndani ya ule mwaka mmoja, usisimame kudai Mahakama haina mamlaka kwa sababu hiyo. Utasikilizwa kwa adabu na utanyimwa alama kwa adabu.

Kisha ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika. Masharti ni saba, ila vita viko kwenye mawili: kumaliza njia za ndani ya nchi, na kulileta shauri ndani ya muda unaofaa. Hapa lazima nimtaje mzee wetu.

Kulikuwa na hakimu mstaafu anakaa Kikuyu, jirani na shangazi yake mwenzangu. Alikubali kuwa jaji wetu nyakati za jioni barazani kwake. Tunafika, shikamoo mzee, marahaba wanangu, kaeni. Kisha anakunja gazeti, anavaa miwani, na kuanzia hapo hatujui tena. Mara ya kwanza nilisimama na karatasi zangu zimepigwa chapa, zimepigiwa mistari ya njano. Nikaanza, "Waheshimiwa Majaji..." Mzee akanyoosha mkono, akazichukua karatasi zote, akazikalia. Akauliza: "Hawa watu wameshakwenda Bungeni?"

Nikasema, mheshimiwa, Bunge si mahakama.

"Nani kakwambia? Sheria inayowaumiza imetungwa wapi? Si hapo tu, nauli ya daladala moja? Kwa nini wamelipita Bunge wakaja kwangu?"

Mkewe anachambua mchicha pembeni na sikio lote liko kwetu, upepo wa Dodoma unatupuliza vumbi mpaka kwenye meno, na mimi nimesimama mikono mitupu.

Jibu lipo, tena limetoka kwetu. Mchungaji Christopher Mtikila alitaka mgombea binafsi aruhusiwe. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, Bunge ndilo liliamue. Shauri likaenda Arusha, yeye pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Serikali ikajibu kwamba mchakato wa katiba unaendelea, wasubiri. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ikaamua kwamba njia za ndani anazopaswa mtu kuzimaliza ni za kimahakama. Mchakato wa Bunge unategemea utashi wa wengi na hauwezi kuwekwa kwenye mizani moja na shauri lililo wazi kwa kila mwananchi.

Hayo yote nilikuwa nayo, ukurasa wa tatu, na mzee ameukalia. Tangu hapo mazoezi yetu yalikuwa hivyo: hakuna hotuba, ni maswali, na karatasi zinakaa kwa anayeuliza. Nakushauri na wewe. Hotuba iliyonyooka hufika mbele ya jopo ikavunjwa dakika ya pili, na anayehukumiwa ni yule aliyebaki baada ya kuvunjwa.

Kwenye shauri lako angalia pia kwamba waombaji wako wa aina mbili, usiwafunge kamba moja. Yule mfungwa kama alifika mahakama ya juu kabisa ya nchi yake, usimwambie alipaswa pia kuomba mapitio au kufungua shauri la kikatiba. Katika Alex Thomas, hukumu ya Novemba 2015 dhidi ya Tanzania, Mahakama ilisema hizo kwa mfumo wetu ni njia za ziada, halazimiki kuzipitia. Ila wale wafugaji, je, waliwahi kugonga mlango wa mahakama yoyote kuhusu ardhi? Kama hawakuwahi, hapo una pingamizi la maana, na ukilitenga na la mfungwa jopo litajua unasoma.

Kiini cha madai. Soma shauri la Ogiek, jamii ya asili ya msituni kule Kenya, Tume ya Afrika dhidi ya Kenya, hukumu ya tarehe 26 Mei 2017, neno kwa neno. Kila mtu anajua Ogiek walishinda ardhi yao ya msitu wa Mau, na mwaka 2022 Kenya ikaamriwa kuwalipa fidia, shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa maumivu. Kinachosahaulika ni kwamba kwenye haki ya uhai, ibara ya 4, hawakushinda. Mahakama ilisema kuhamishwa kunaweza kuyaharibu maisha yao, lakini ibara hiyo inalinda uhai wenyewe wa mwili, na uhusiano wa kuhamishwa na vifo haukuthibitishwa. Hilo ni lako wewe wa Serikali, limelala mezani linakusubiri. Na ujue Kenya iliangukia wapi: ilisema inalinda msitu, haikuleta ushahidi kwamba Ogiek ndio walioumaliza.

Kwenye mfungwa kukosa wakili, mimi nisingepigana sana. Alex Thomas alikuwa na mashtaka hayohayo, kifungo hichohicho cha miaka 30, na Mahakama ikaona haki yake imevunjwa kwa kutopewa wakili wa bure. Pigania nafuu. Mwenzako akiomba mteja wake aachiwe huru, mkumbushe kwamba hata Thomas hakuachiwa kwa hukumu hiyo. Mahakama ilisema amri ya namna hiyo inataka mazingira ya pekee kabisa.

Nauli: chuo kimoja hapa mjini, sikitaji, kilitulipa tulipokwisha kurudi. Tulipitisha bakuli darasani na kwa mawakili wawili watatu tuliokuwa tunawafahamu, tukaondoka. Msisubiri kitu kinachoshughulikiwa.

---

Mtumba_Kazini

Dada Wakili kaeleza vizuri, ila mahali pamoja tunatofautiana. Mimi kazi yangu ya kila siku ni huko Serikalini anakokuogopa dogo. Hayo mapingamizi ya awali yanalevya. Kijana anapata pointi moja ya muda unaofaa, anaing'ang'ania robo tatu ya dakika zake, akifika kwenye haki zenyewe kadi nyekundu ya muda kwisha imeshanyanyuliwa. Mwombaji ni mtu maskini, hajui sheria, yuko gerezani, na Mahakama ya Afrika imekuwa ikiyatazama hayo inapopima muda. Ukimkazia mtu wa hivyo kwamba kachelewa, unaonekana huna roho, na alama za tabia zinashuka pia.

Dogo, unasema unatetea uonevu. Uliza Serikali inamtetea nani. Hapa Dodoma tumekunywa maji ya visima vya Mzakwe miaka yote hii. Bonde la Makutupora likivamiwa, anayekauka koo ni mama wa Nkuhungu mwenye ndoo kichwani, na yeye ni binadamu mwenye haki. Ibara ya 27(2) ya Mkataba inasema haki zitumike kwa kujali haki za wengine na maslahi ya wote. Huo ndio utetezi wako. Ila, kama alivyosema dada kuhusu Kenya, lete ushahidi uliomo kwenye maelezo ya shauri: vyanzo vya maji, ripoti, hatua zilizochukuliwa kabla ya kuwahamisha watu. Kama Serikali yako ya kubuni haikuwashirikisha wala kuwafidia, usijifanye ilifanya. Kubali pale pasipoteteeka, tena kubali mapema. Jaji atakuamini kwenye yanayobaki.

---

Dada_Wakili_Chang'ombe

Msomi mwenzangu, la Mzakwe limeniingia. Kwenye mapingamizi siachii yote, ila kweli, yapangiwe dakika na yasizidi.

---

Mwaka_wa_Tatu_DOM

Dada, kaka, Mungu awabariki. Nimeziangalia tarehe: shauri limefunguliwa miezi minane baada ya notisi! Kumbe nilikuwa nimeshaandika kurasa za "Mahakama haina mamlaka". Nimezifuta.

Kuhusu Kiingereza hamjaniambia. Jana rafiki yangu kaniuliza swali la kawaida tu nikasema "yes, no, I mean" mara kama kumi.

---

Mwana_wa_Kondoa

Nikusaidie hapo, maana mimi nilifika ngazi ya bara, sikufika fainali. Mashindano ya Afrika yanayoandaliwa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria yapo tangu 1992, na timu zinakuja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Uzuri wake ni fainali. Wanachanganya timu bora za lugha tofauti, unamkuta mtu wa Kifaransa na wa Kiingereza wanatetea upande mmoja, majaji wamevaa visikilizio, wakalimani wako kwenye vibanda vyao wanakimbizana na maneno.

Nilichojifunza pale ni mwendo. Wanaijeria walinitisha, wanaongea kama redio. Lakini mbele ya wakalimani, anayekimbia anaachwa. Mkalimani akikosa sentensi, jaji hakuisikia, imekwenda. Waliofanya vizuri walikuwa wanasema sentensi fupi na wanapumua. Sisi Watanzania tuna aibu ya kusema polepole, tunadhani tutaonekana hatujui. Sema polepole.

Na kingine: ukiulizwa, jibu kwanza ndiyo au hapana, kisha ibara, kisha hukumu. Jaji akishajua uko wapi, hata sarufi ikiyumba anakufuata.

---

Dada_Wakili_Chang'ombe

Nyongeza hapo kwa Mwana wa Kondoa. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunabishana kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja inyooke, ndipo tunaigeuza. Mtu aliyekwama kwa Kiingereza mara nyingi hoja yenyewe ndiyo haijakaa sawa kichwani, na ukimwambia aieleze kwa Kiswahili anakwama vilevile. Jaribu: mweleze mama ntilie wako kwa nini nchi iliyojitoa bado inaweza kushtakiwa. Akikuuliza swali la pili, ujue kaelewa.

Inachekesha kidogo, tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, leo naandika nyaraka zangu kwa Kiswahili na wateja wangu wanazisoma wenyewe. Ila kule mbele ya jopo huna hiari, kwa hiyo zoea kuulizwa. Si kusoma, kuulizwa.

Na kama mnaweza kupata nauli nyingine, pandeni basi la Arusha siku ambayo kuna kikao cha wazi. Mahakama kwa miaka mingi imekuwa kwenye eneo la TANAPA, barabara hiyohiyo ya Dodoma. Kaeni nyuma, msikilize mawakili halisi wanavyokatizwa.

---

Zabibu_Chungu

Nimesoma uzi wote kumbe. Swali la mtu asiyejua sheria: hao wafugaji wakishinda, halafu nchi ikakaa kimya, inakuwaje?

---

Mtumba_Kazini

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote mliyoulizana hapa, na jopo huliuliza. Mahakama haina polisi. Inatoa amri, nchi inatakiwa kuwasilisha taarifa za utekelezaji, na utekelezaji unafuatiliwa na Baraza la Mawaziri la Umoja wa Afrika. Mfano ni adhabu ya kifo ya lazima. Katika Ally Rajabu na wenzake, Novemba 2019, Mahakama ilisema sheria inayomnyima jaji hiari yoyote na kumlazimisha kutoa adhabu ya kifo inavunja haki ya uhai, ikaipa Tanzania mwaka mmoja kuiondoa. Tazama kalenda, halafu tazama kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ulichosoma darasani mwaka huu. Dogo, ukiwa upande wa wafugaji omba nafuu inayotekelezeka na yenye muda. Ukiwa Serikali, jiandae kueleza mteja wako atafanya nini, lini.

---

Mwaka_wa_Tatu_DOM

Sawa kaka. Mwenzangu kasoma uzi huu, amekubali tugawane hoja. Yeye kachukua mamlaka na kupokelewa, mimi kiini na nafuu. Tunatafuta wa kutukatiza. Dada, yule mzee wa Kikuyu bado anapokea wageni?

---

Dada_Wakili_Chang'ombe

Mzee sasa yuko kwa mwanae Dar. Njooni ofisini kwangu Jumamosi saa kumi jioni, asubuhi niko mnadani Msalato. Nitakutumia ramani kwa ujumbe binafsi. Msomi wa Mtumba, unakaribishwa kwenye jopo. Tunahitaji na mtu wa tatu.

---

Zabibu_Chungu

Sheria sijui. Kukatiza watu najua.

---

Dada_Wakili_Chang'ombe

Umepita. Saa kumi kamili.